Mali Bila Daftari: Kangaga, Mitishamba na Haki ya Mgonjwa

Nchini Tanzania daktari anayesimamia afya ya mkoa mzima huitwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na hakuna anayeona ajabu katika cheo hicho. Kwetu West Nile, wengi wakilisikia neno mganga hufikiria kwanza hirizi, kibuyu na matunguri. Neno ni lilelile. Kiswahili kilimwita mganga mtu yeyote anayeganga, yaani anayetibu na kuunga kilichovunjika, bila kuuliza kama kilicho mkononi mwake ni mzizi au sindano. Ni sisi wasemaji tulioamua kuligawa neno hilo vipande viwili na kuviweka mbalimbali.

Mgawanyiko huo wa maana umezaa mgawanyiko wa watu. Katika mazungumzo ya Arua na Koboko, iwe sokoni, matangani au mbele ya zahanati, husikika sauti mbili. Ya kwanza husema kwamba mitishamba ni ujinga uliopitwa na wakati, na anayeitumia amejitakia mauti. Ya pili husema kwamba hospitali ni mahali pa kupoteza siku nzima ili uandikiwe dawa ambayo haipo, ilhali mzizi uko nyuma ya nyumba, haudhuru kwa kuwa Mungu ndiye aliyeuotesha, na wazee wetu waliutumia wakaishi. Maoni yangu ni kwamba sauti zote mbili zinamsahau mtu mmoja, naye ni mgonjwa. Mgonjwa ana haki ya kujua anachomeza: ni mmea gani, kiasi gani, unafanya nini mwilini, na nani atawajibika ukimdhuru. Haki hiyo haitimizwi kwa kuidharau mitishamba, wala kwa kuitukuza. Hutimizwa kwa kuipima, kuiandika na kuisimamia kwa sheria.

Nitautumia mmea mmoja mnyonge kuyaeleza hayo, nao ni kangaga. Yumkini umelipita mara nyingi bila kulitazama. Ni mmea usiotoa ua wala mbegu. Majani yake machanga huchomoza yakiwa yamejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hukunjuka yakafanana na manyoya ya ndege. Ukiligeuza jani lililokomaa utaona chini yake madoa ya kahawia yenye vumbi laini, na vumbi hilo ndilo uzazi wake. Hupenda kivuli na unyevu: kingo za vijito, chini ya miti mikubwa, katika nyufa za mawe.

Duniani kuna aina zaidi ya 10,000 za makangaga, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kwa watu wa pwani, jina kangaga hutumika sana kwa mmea uotao kwenye matope ya mikoko. Mtu wa bara akilisoma neno hilo kitabuni atalibandika juu ya mmea mwingine kabisa. Ongeza Kilugbara, Kikakwa na Kinubi, ongeza Kilingala na Kiarabu cha Juba vinavyovuka mpaka pamoja na wafanyabiashara wa Vurra na Oraba, nawe utaona jinsi ilivyo rahisi kwa dawa iliyosifiwa kwa jina moja kumfikia mgonjwa ikiwa mmea mwingine. Hilo ni jambo la uhai, kwa kuwa katika ukoo wa makangaga kuna yanayoliwa, kuna yaliyotibu, na kuna yanayoua polepole.

Tuanze na lililotibu. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walitumia mzizi wa kangaga liitwalo kitaalamu Dryopteris filix-mas kuwatoa tegu tumboni. Matabibu wa Ugiriki na Roma ya kale waliuandika, kisha elimu hiyo ikafifia, ikabaki mikononi mwa wachache walioifanya siri ya kuuzia. Mmoja wao alikuwa Bibi Nouffer, mjane wa Uswisi, ambaye dawa yake ya tegu ilivuma hadi kwa mfalme wa Ufaransa, Louis XVI. Mwaka 1775 serikali ya mfalme ilimlipa mjane huyo ili aitoe siri yake, nayo ikachapishwa ili wote waitumie. Kusini mwa Afrika nako, Wazulu walitumia kangaga la ukoo huohuo, Dryopteris athamantica, kwa maradhi hayohayo, na katika karne ya 19 mzizi wake uliuzwa hadi Ulaya. Watu wa mabara mawili walifikia jawabu moja. Anayesema kwamba elimu ya wazee ni upuuzi mtupu ana deni la kutueleza jambo hilo.

Lakini anayesema kwamba kitu cha asili hakidhuru naye ana deni lake. Dawa ile ya mzizi ilipoingizwa katika vitabu rasmi vya dawa na kutumiwa na watu wengi, madhara yake yalianza kuhesabiwa. Kiasi kinachomuua tegu hakikuwa mbali na kiasi kinachomdhuru mwenye tegu. Waliozidishiwa waliugua vibaya, baadhi wakapofuka, wengine wakafa. Madaktari walikataza mgonjwa kupewa mafuta ya nyonyo pamoja na dawa hiyo, kwa kuwa yaliaminika kuongeza sumu inayoingia mwilini. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 zilipatikana dawa salama zaidi, mojawapo ikiwa praziquantel, ileile ambayo watoto wa kando ya Mto Nile na Ziwa Albert hupewa dhidi ya kichocho. Mzizi wa kangaga ukastaafu. Haukustaafishwa kwa dharau, bali kwa hesabu: waliopona wangapi, waliodhurika wangapi, na kipi kilicho bora kuliko huo.

Kangaga la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Wataalamu huliita Pteridium. Huota kwa wingi katika miinuko ya Afrika Mashariki, hasa mahali palipofyekwa au kuchomwa moto. Japani vichipukizi vyake ni mboga, lakini huchemshwa kwanza kwa majivu au magadi ili kupunguza ukali. Ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu hupata vivimbe vya kibofu na kukojoa damu, na sumu yake kuu imebainika kupita hata katika maziwa. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka kangaga hilo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Sumu ya namna hii haimwangushi mtu siku anapoinywa, huchukua miaka. Kwa hiyo ule ushahidi tunaoupenda sana, wa mtu kusema kwamba yeye alikunywa na mbona yu hai, hauna uzito hapa. Bibi aliyekunywa akiwa kijana na kuugua uzeeni hakuwa na njia ya kuunganisha mambo hayo mawili, na si kosa lake. Kuunganisha mambo yaliyoachana kwa miaka thelathini ni kazi ya daftari.

Kangaga la tatu linatoka misitu ya joto ya Amerika ya Kati, ambako wenyeji walilitumia kwa maradhi ya ngozi. Leo dondoo lake huuzwa katika vidonge vinavyosemekana kuikinga ngozi dhidi ya jua. Kuna tafiti zinazoonyesha kwamba huweza kupunguza kiasi fulani cha madhara ya miale ya jua, nazo zinastahili kuheshimiwa. Lakini mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizionya kampuni zilizokuwa zikiuza vidonge vya namna hiyo kana kwamba mtu akivimeza hahitaji kinga nyingine. Sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta tunapaswa kulisikia onyo hilo kwa masikio mawili. Tuna watoto wenye ualbino katika shule zetu, na saratani ya ngozi huwaandama tangu ujanani. Siku mchuuzi atakapofika sokoni na kopo la vidonge vya kangaga, mzazi wa mtoto huyo atahitaji kujua kwamba kofia pana, mikono mirefu, kivuli na mafuta ya kukinga jua bado ndivyo ngao ya kwanza, na kwamba fedha ya kidonge isije ikala fedha ya mafuta.

Utaona kwamba katika makangaga yote matatu swali halikuwa kama dawa ni ya kienyeji au ya kisasa. Maswali yalikuwa: mmea gani, kiasi gani, kwa nani, kwa muda gani, na nani aliyehesabu matokeo.

Huenda ukasema kwamba makangaga hayo ni ya Ulaya, ya Japani na ya Amerika. Basi tuje nyumbani. Nje kidogo ya Arua ipo Hospitali ya Kuluva. Daktari Ted Williams wa hospitali hiyo alikuwa mmoja wa watu watatu waliosafiri pamoja mwaka 1961 kwa gari, maelfu ya maili, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali kuhusu uvimbe wa taya unaowashika watoto. Aliyeongoza safari hiyo alikuwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, ambaye aliueleza uvimbe huo mwaka 1958 na ambaye jina lake umepewa. Mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa katika chembe za uvimbe huo. Kisha, kati ya 1972 na 1974, IARC ilikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 hapa West Nile na kuwafuatilia, na kwa njia hiyo ikaonekana kwamba watoto waliokuwa na dalili kubwa za kirusi hicho katika damu yao ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kupata uvimbe. Vitabu vya tiba duniani kote hutaja jina la West Nile kwa sababu ya watoto hao. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sayansi ni kitu cha wageni. Imejengwa kwa damu ya watoto wetu.

Ndani ya kisa hichohicho kuna mimea miwili ambayo kila mkazi wa Afrika Mashariki anaweza kuiona. Wa kwanza ni mnyaa, ule wa vijiti vya kijani vyenye utomvu mweupe, unaopandwa kuwa ua wa boma na kutumiwa pia kama dawa. Watafiti wameonyesha katika maabara kwamba utomvu wake huweza kukiamsha kirusi cha Epstein-Barr kilicholala, na wakauliza kama una mchango katika uvimbe wa Burkitt. Haijathibitishwa kwamba ni chanzo, na nisingependa mtu aamke kesho aung'oe ua wake kwa hofu. Lakini swali hilo peke yake latosha kumzuia mtu asimpake mtoto utomvu huo mdomoni au asimnyweshe kwa kubahatisha.

Mmea wa pili ni ua dogo la waridi au jeupe lipandwalo mbele ya nyumba kwa ajili ya urembo, ambalo asili yake ni Madagaska na jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus. Kutoka katika mmea huo hutengenezwa vincristine, dawa ambayo hospitali huwapa watoto wenye uvimbe wa Burkitt pamoja na dawa nyingine, na wengi hupona wakiwahi. Uvimbe huo ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mzazi anayezunguka na mzizi huu na mzizi ule kwa wiki tatu huwa amemnyima mtoto wake dawa, na dawa hiyo, ajabu iliyoje, imetoka katika mmea. Lakini mzazi huyo akichemsha maua ya bustani akamnywesha mtoto hatamponya, atampa sumu. Kati ya ua na dawa kuna kazi ndefu ya kuchuja, kupima na kujaribu, na kazi hiyo ndiyo tunayoiita tiba ya kisasa. Haikushuka kutoka mbinguni, wala haina uadui na mmea.

Kuna wanaosema kwamba kuandika dawa za wazee ni kuzinajisi, au ni kuwapa wezi ufunguo wa ghala. Hoja ya kwanza hujibiwa na Tu Youyou, mtafiti wa China aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alipokuwa akitafuta dawa ya malaria alisoma kitabu cha tabibu wa kale, Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Humo aliona agizo la kuloweka mmea wa qinghai katika maji na kuukamua, bila kutajwa moto. Akatambua kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akabadili njia, na hatimaye ikapatikana artemisinin, ambayo ndiyo msingi wa vidonge vya malaria tunavyomeza Arua na Koboko. Kama Ge Hong angekufa na siri yake, nasi tungekufa na malaria yetu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja ya pili, ya wizi, ni nzito na haifai kupuuzwa. Mimea ya Afrika imewahi kuwatajirisha watu wasiojua hata majina ya vijiji ilikotoka. Lakini siri si ulinzi. Siri huzikwa na mwenyewe, ilhali mgeni mwenye fedha huinunua kwa bei ya chupa moja ya pombe. Ulinzi ni sheria. Upo Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 na ambao Uganda imejiunga nao, unaotaka jamii zenye elimu ya mimea ziombwe idhini na zigawiwe faida. Jamii isiyokuwa na kumbukumbu yoyote itadai nini, na kwa ushahidi gani?

Hapa nchini hatuanzi na mikono mitupu. Wizara ya Afya ina taasisi ya utafiti wa dawa za asili mjini Kampala tangu 1964. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na ina ofisi ya kanda hapa Arua. Mwaka 2019 Uganda ilipata sheria ya tiba za jadi na tiba mbadala, inayoweka baraza la kitaifa la kusajili na kusimamia wanaotoa tiba hizo. Mwaka 2021, wakati wa janga la Korona, tuliona jinsi mambo yanavyoweza kwenda: Covidex, dawa ya mitishamba iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa Mbarara, ilikubaliwa na NDA itumike kama tiba saidizi, na mamlaka hiyo ikasema wazi kwamba haikuikubali kama tiba ya kuponya Korona. Wengi walisikia nusu ya kwanza ya tangazo wakakimbilia madukani. Kuisikia sentensi nzima ni sehemu ya uraia.

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika Ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kuuenzi utamaduni wake, na katika Ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Ukizisoma pamoja, utaona kwamba mwananchi wa Koboko anaruhusiwa kuitunza dawa ya bibi yake, na anaruhusiwa pia kuingia ofisi ya serikali na kuuliza: je, chupa hii inayouzwa stendi imesajiliwa? Nani ameipima? Haki isiyotumiwa huota kutu kama jembe lililosahauliwa shambani.

Nini basi kifanyike? Waganga wetu wajisajili, na watenganishe hadharani mzizi na ramli, kwa kuwa mzizi unaweza kupimwa na ramli haipimiki. Kila chupa iwe na jina la mmea, tarehe, kiasi, na onyo kwa mama mjamzito na mtoto mdogo. Wauguzi na madaktari nao waache kumkaripia mgonjwa anayekiri kwamba alikunywa dawa ya kienyeji. Anayekaripiwa leo, kesho ataficha, na mficha maradhi kilio humfichua. Tena mchanganyiko wa mitishamba na vidonge ambao daktari haujui ni hatari kuliko kimoja chochote kati ya hivyo viwili. Serikali ihakikishe dawa zipo katika vituo vya afya, kwa sababu kumwambia mtu aache mzizi huku kabati la dawa likiwa tupu ni kumfanyia mzaha.

Halmashauri za Arua na Koboko, Chuo Kikuu cha Muni na shule zetu za sekondari zianzishe daftari la mimea ya dawa ya eneo letu. Wanafunzi waende kwa wazee wakiwa na kalamu, wakusanye tawi, walikaushe, waandike jina lake kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, na mtaalamu wa mimea aongeze jina la kisayansi. Waandike pia nani alisema, mmea ulitumika kwa nini, na ulimdhuru nani. Jina la mzee liwe juu ya ukurasa, na nakala ibaki kijijini. Mwalimu wa Kiswahili atapata msamiati, mwalimu wa baiolojia atapata somo, na mwanasheria atapata ushahidi siku ya kudai mgao.

Tena tufanye haraka. Kingo za mito hulimwa hadi majini, na miti hukatwa kwa ajili ya mkaa. Kivuli kikiondoka, kangaga nalo huondoka. Wazee wanaojua majina wanapungua kila msimu wa mazishi. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko bibi au babu anayejua mzizi unaotuliza homa, mwombe leo akutajie jina lake na akuonyeshe mahali unapoota. Andika. Kisha, kabla hujamnywesha mtu yeyote, uliza ni kiasi gani, na ni nani aliyewahi kuhesabu.